Usikatishe Dozi

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, wapiga dawa wa shamba la mawaridi walipanga foleni mbele ya Stoo ya Dawa, kila mtu na bomba lake mgongoni. Mtunza stoo alikuwa na kikombe cha plastiki cha njano, kilichowahi kuwa cha chai hadi kishikio chake kilipovunjika, na kwa kikombe hicho alimpimia kila mmoja. Kikombe kimoja kwa bomba moja. Kikombe na nusu kama vidukari walikuwa wakaidi. Alipima kwa uangalifu, akiinama kutazama mstari aliouchora kwa kalamu, na tone likimdondokea mtu mkononi alisema "pole" kabla ya kuita mwingine.

Jumatatu hiyo, wa tatu katika foleni alikuwa mpiga dawa wa banda namba nne, ambaye shamba zima lilimwita Baba Nani. Alipokea dawa, akaimimina, akafunga kifuniko, akavaa barakoa. Barakoa ikamkaa sawasawa. Jambo hilo halikuwahi kutokea kwa miaka saba, maana Baba Nani alikuwa mtu wa ndevu nyingi, na nyapara alishamwambia hadi akachoka kwamba ndevu na barakoa hazikai nyumba moja. Sasa kidevu chake kilikuwa laini kama sahani.

"Hatimaye umenyoa," nyapara akasema.

"Sijanyoa, bosi. Zimeondoka."

"Vyovyote vile. Umependeza."

Nyapara akaandika kwenye daftari lake kwamba suala la barakoa, banda namba nne, limetatuliwa. Kichujio cha barakoa yenyewe kilikuwa cha mwaka juzi, lakini hilo lilikuwa suala jingine na lilikuwa na daftari lake.

Ndevu zilikokwenda, Baba Nani alikujua kesho yake, alipofika tuta la kumi na saba. Mawaridi yalikuwa yameota ndevu.

Alisimamisha bomba. Kwanza alikagua kama alivyofundishwa: akageuza jani, akatafuta utitiri, akatafuta ukungu. Hakukuwa na utitiri wala ukungu. Zilikuwa nywele nyeusi, nene, zilizojikunja, zimeota chini ya petali za mwisho, pale ambapo ua lingekuwa na kidevu kama lingekuwa mtu. Upande wa kushoto wa kila waridi palikuwa na upenyo mdogo usio na unywele. Baba Nani alipokuwa na miaka minne alimwagikiwa maji ya moto, na tangu hapo shavu lake la kushoto lilikuwa na doa la ukubwa wa kitufe cha shati ambalo ndevu zililikwepa. Akashika waridi moja, akalipapasa kwa kidole gumba. Zilikuwa zake. Akaendelea kupiga dawa, kwa sababu tuta la kumi na nane lilikuwa linangoja.

Saa ya mapumziko alikuja mpiga dawa wa banda namba tano, ambaye pia alikuwa jirani yake nyumbani, na kwa hiyo aliitwa Jirani kotekote. Akainama juu ya tuta, mikono nyuma, kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Ndevu zako hizi."

"Ndizo."

"Usinichukie, kaka, lakini huku zimekaa vizuri kuliko zilivyokukaa wewe."

Kwa Jirani mambo yalikuwa ya namna nyingine. Yeye zamani alikuwa mtu wa hasira, mtu wa kugombana na redio. Sasa alikuwa akikigonga kiti anakiomba radhi, na bandani mwake miiba ya mawaridi ilikuwa imerefuka kama misumari, na mchana wa jua kali ungeyasikia yakisukumana. Katika banda namba sita wanawake watatu walikuwa wakiingia kukata maua kabla dawa haijakauka majanini. Huko mawaridi meupe yaligeuka mekundu siku nne kila mwezi, kisha yakarudia weupe wake. Wanawake wenyewe walikuwa wameacha kuhesabu siku zao, kwa kuwa hapakuwa na cha kuhesabu. Ofisi ya mauzo ilishatengeneza kalenda, ili wateja wa maua mekundu wajue lini waagize.

Nyapara alipoyaona mawaridi ya banda namba nne alitikisa kichwa, akamwambia Baba Nani ayanyoe. Baba Nani akaomba wembe na sabuni kutoka stoo, akanyoa tuta la kumi na saba mpaka la ishirini na tatu. Saa nane mchana zilikuwa zimeshaota tena.

*

Katika shamba hilo mtu akishaoa au kuolewa haitwi tena kwa jina lake, huitwa kwa jina la mtoto wake. Siku Baba Nani aliporudi kazini kutoka harusini, wenzake walimwuliza, "Haya, bwana harusi, sasa tutakuita baba nani?" Akacheka, akawaambia, "Subirini kidogo." Basi wakawa wanamwita Baba Nani kwa muda, na mkewe, ambaye alikuwa mfungashaji wa maua, wakamwita Mama Nani kwa muda. Muda huo sasa ulikuwa na umri wa kuanza shule.

Walikaa vyumba viwili nyuma ya ukuta wa shamba. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza, viti viwili, na rafu ambayo Mama Nani aliipanga mwenyewe: redio, kioo, kopo la sindano na nyuzi, kisha nafasi tupu ya upana wa viganja viwili. Baba Nani akisahau akaweka funguo hapo, mkewe alizihamisha bila ugomvi.

"Hapo pana mtu," alisema.

Jumapili ilikuwa siku ya ndevu. Mama Nani alikuwa na kitana chekundu, na kwa miaka saba kila Jumapili alasiri alimkalisha mumewe mlangoni penye mwanga, akamchana, akimsimulia habari za banda la kufungashia. Jumapili hii alichukua kitana, akakaa nacho mapajani.

"Nikuulize kitu, mume wangu. Umezipeleka wapi?"

"Ziko kazini."

"Zote?"

"Tuta la kumi na saba mpaka la ishirini na tatu."

Mama Nani akaondoa unywele mmoja wa zamani uliokuwa umenasa kwenye meno ya kitana. "Na yale mengine?" akauliza, akiutazama ule unywele.

Mengine nayo hayakuwa nyumbani, na wote wawili walijua tangu lini.

Jumatatu wakaenda zahanati. Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi, na hakuwa na tabia ya kupaka maneno mafuta. Alimtoa Baba Nani damu, akawaambia warudi baada ya siku nne. Waliporudi aliweka karatasi mezani na kuigeuza waisome, kisha akaona ni afadhali aonyeshe kwa mkono.

"Homoni ya kiume, kwa mtu wa umri wako, inatakiwa iwe hapa." Akainua mkono usawa wa dirisha. "Yako iko hapa." Akaonyesha kandambili zake.

"Imeshuka?"

"Ingekuwa imeshuka ningeiona inakokwenda. Hii imehama, baba."

"Tunajua ilipo," Mama Nani akasema. "Iko banda namba nne."

Nesi akaandika kwenye faili: *Iko banda namba nne.*

"Tunataka mtoto, nesi. Tumechoka kuitwa swali."

Nesi akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga iliyokuwa kitini pake. "Basi aache dawa. Miezi sita asishike bomba, asikanyage bandani, na ile ovaroli isilale ndani. Homoni ni kama mtu aliyesusa. Ukiacha kumfukuza, anarudi mwenyewe. Aombe uhamisho, kuna kazi kwenye mifereji ya maji, kuna kazi langoni."

"Tukichelewa?"

"Ikizoea kule, mama, sijui kama itakumbuka njia."

*

Ofisi ya afisa utumishi ilikuwa na feni iliyogeuka upande mmoja tu, ule wa afisa. Alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Alimsikiliza Baba Nani mpaka mwisho, akasema kwamba uhamisho kwa sababu za afya una fomu yake, na fomu yake inatoka makao makuu, na inarudi makao makuu. Wakaijaza pamoja.

*Je, unatumia dawa yoyote kwa sasa?* Baba Nani akasema ndiyo. *Kwa muda gani?* Miaka saba. *Mara ngapi kwa siku?* Mara mbili, asubuhi na alasiri. *Je, umewahi kuruka siku?* Jumapili tu. *Je, umepata madhara yoyote?* Ndevu zimehama. Mke wangu hapati mimba. *Unaomba nini?* Naomba kuacha dawa.

Baada ya wiki tatu jibu lilikuja, lina mhuri wa bluu. Afisa utumishi alilisoma kimyakimya, kisha kwa sauti:

"'Mfanyakazi anapongezwa kwa kutumia dawa kwa uaminifu kwa kipindi cha miaka saba. Madhara madogo madogo ni ya kawaida na huisha yenyewe. Ombi la kuacha limekataliwa kwa usalama wa mfanyakazi. Mfanyakazi asikatishe dozi.'"

"Lakini bosi, dawa niliyosema mimi ni ile ya wadudu."

"Umeandika dawa."

"Ndiyo. Dawa."

"Nao wamekujibu kuhusu dawa. Ulitaka wakujibu kuhusu nini, sabuni?"

Ukutani nyuma ya afisa palikuwa na cheti chenye fremu. Kilisema kwamba shamba hili, peke yake katika kundi lake, linahakikisha asilimia mia moja ya wapiga dawa wake wanapata dawa kila siku ya kazi. Baba Nani alikisoma akiwa anafikiri.

"Basi tuandike sumu," akasema.

Afisa akaweka kalamu chini. Akainuka, akafunga mlango, akarudi na kusimama dirishani.

"Njoo hapa, kaka. Soma pale."

"Stoo ya Dawa."

"Na wewe ni nani?"

"Mpiga dawa."

"Umewahi kumsikia mpiga sumu? Kuna mtu shamba hili anaamka asubuhi, anamuaga mkewe, anasema naenda kupiga sumu?" Afisa alikuwa anasema kwa huruma ya kweli. "Ukiandika sumu umelalamikia kitu ambacho hatuna. Na fomu ya kitu ambacho hatuna haiendi kwa daktari. Inakwenda kwa mwanasheria. Mimi sikutishi. Mimi mwenyewe nyumbani dawa ya mbu ikipigwa huwa natoka nje mpaka harufu iishe."

Baba Nani akarudi nyumbani akitafuta neno la katikati, lisilo dawa wala sumu. Alimwuliza mkewe, akamwuliza Jirani, ambaye aliomba radhi kwa kutolijua. Nesi ndiye aliyekuwa nalo. Katika vitabu, alisema, kitu hicho kinaitwa kiuatilifu. Alimwandikia kwenye kipande cha karatasi, na Baba Nani akalitamka njia nzima asije akalidondosha.

Afisa utumishi hakuwahi kulisikia. Alipiga simu makao makuu, akasubiri, akalitaja silabi kwa silabi, akasubiri tena. Alipokata simu alikuwa na sura ya mtu aliyeshindwa.

"Wanasema neno hilo wanalijua. Wanasema ni la wenye diploma. Wewe ukiliandika itaonekana umeandikiwa, na aliyekuandikia atatafutwa."

Baba Nani akaikunja ile karatasi, akaiweka mdomoni, akaimeza mbele ya afisa ili nesi asitafutwe. Afisa akamshukuru kwa kutomwekea mtihani.

*

Makao makuu hayakukaa kimya kabisa. Yalituma mtaalamu, bwana mwembamba mwenye sanduku la vyuma, ambaye kabla ya chakula cha mchana alishapachikwa jina la Bwana Vipimo. Baba Nani alikunja mkono wa shati alipomwona, akidhani anatakiwa damu. Bwana Vipimo alimwomba asogee, alikuwa anamkinga mwanga. Alikuja kupima mawaridi.

Alipima siku mbili. Alikata vikonyo, akakamua utomvu kwenye vichupa, akatazama, akaandika. Mwisho wa siku ya pili alimwita nyapara na kumwambia, huku akishindwa kuficha furaha ya kikazi, kwamba katika maisha yake hajaona waridi lenye afya kama lile. Homoni ya kiume ilikuwa kwenye kiwango cha mwanaume wa miaka thelathini na miwili, anayekula vizuri, anayelala vizuri.

"Ni mimi," Baba Nani akasema kutoka nyuma ya tuta.

"Hongera," Bwana Vipimo akasema, akaandika *chanzo kimethibitishwa*.

Waridi lenye ndevu likapelekwa kwa wanunuzi, na wanunuzi wakalipenda. Walisema lina utu. Walisema ukilisogeza usoni linakukwaruza kidogo, kama unakumbatiwa na mtu wako. Wakataka lingine, kisha wakataka yote. Kwa kuwa aina mpya ya ua haiwezi kusafirishwa bila jina, ofisi ya mauzo ilimwuliza nyapara watu wa shamba wanaliitaje, na nyapara, ambaye hakuwa mtu wa uongo, akasema wanaliita Baba Nani.

Jina likasajiliwa. Wiki iliyofuata Baba Nani alipewa barua fupi, yenye heshima, ikimwarifu kwamba jina hilo sasa ni mali ya kampuni na kumwomba asiitwe hivyo saa za kazi. Wenzake walijaribu. Walimwita "wewe", wakamwita "bwana", Jirani akamwita "samahani". Kwa mkewe kampuni haikusema kitu. Mama Nani akaendelea kuwa Mama Nani.

Ndipo homa ikamshika. Ilikuwa homa ya kawaida, ya kutetemeka na kutokwa jasho. Nesi alikuja kumwona nyumbani, akamwandikia mapumziko ya siku kumi na mbili, akaandika kumi na mbili kwa maneno na kwa tarakimu ili asitokee wa kuikosoa. Homa iliisha siku ya nne. Siku ya saba Baba Nani alikula sahani mbili. Siku ya tisa, alasiri, mkewe akampangusa uso kwa kitambaa, na kitambaa kikakwama.

Mama Nani akaweka kitambaa chini, akapitisha kiganja. Ilikuwa vumbi tu la ndevu, fupi kama nyasi iliyokatwa jana, lakini lilikwaruza. Akapitisha kiganja tena. Halafu akainuka, akafunga mlango wa mbele uliokuwa wazi kwa ajili ya hewa, akavuta pazia, na saa moja iliyofuata hakuna mtu shambani aliyewahi kujua habari zake.

Siku hiyohiyo, katika banda namba nne, ndevu za mawaridi zilianza kupukutika.

*

Nyapara alifika kesho yake, na gari la shamba. Alivua kofia mlangoni.

"Hodi hapa, shemeji."

"Karibu. Kaa."

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Anaota ndevu."

Nyapara akakaa. "Ndilo lililonileta."

Alieleza bila kuficha, kama kawaida yake. Kulikuwa na agizo kubwa, na agizo lilikuwa la waridi lenye ndevu, na waridi lenye ndevu sasa lilikuwa linafagiliwa chini kwa ufagio. Bila ndevu lilikuwa waridi kama mawaridi mengine, na mawaridi mengine wanunuzi wanayo hadi wanayakanyaga.

"Mpe mtu mwingine bomba," Baba Nani akasema.

"Tumempa tangu ulipougua. Tumetafuta mtu mzima kabisa, ana ndevu mpaka kifuani. Zimeota kwenye mawaridi siku ya tatu." Nyapara akapangusa kofia yake. "Zina mvi. Mteja hataki mvi."

"Uhamisho wangu je?"

"Umekubaliwa. Nimeusemea mwenyewe. Msimu ukiisha tu, unakwenda langoni."

"Msimu wa mawaridi unaisha lini?" Mama Nani akauliza.

Nyapara alifikiri kwa uaminifu wote. "Nje, unaisha mvua zikianza. Bandani..." Akaitazama kofia. "Bandani hakuna msimu, shemeji."

Kisha akasema lililobaki. Agizo likikosekana, banda namba nne litafungwa, na wafungashaji kumi na wanane wanaofungasha maua ya banda hilo wataambiwa wapumzike.

"Wapumzike mpaka lini?"

"Neno nililopewa ni hilo tu. Wapumzike."

Mama Nani alikuwa mmoja wa wale kumi na wanane. Wengine aliwajua wote, mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wao. Alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, kiganja chake kikiwa shavuni pake, upande wa kushoto, juu ya doa la kitufe. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba nyapara alihamishia macho yake kwenye rafu, akaona nafasi tupu kati ya kopo la nyuzi na ukuta, akaanza kunyoosha mkono aweke kofia.

"Hapo pana mtu," Mama Nani na Baba Nani wakasema pamoja.

Nyapara akaweka kofia gotini.

"Wa meza ya nyuma wana watoto wadogo kuliko wote," Mama Nani akasema mwishowe, bila kumwambia mtu hasa. "Na wenzangu mezani, kuna mwenye watano."

Baba Nani akauondoa mkono wa mkewe shavuni, akaushika. "Nitamaliza siku zangu kumi na mbili," akamwambia nyapara. "Zimeandikwa kwa maneno na kwa tarakimu."

"Hilo ni haki yako," nyapara akasema, na alikuwa amefurahi kweli kwamba kuna kitu anaweza kukubali.

*

Siku ya kumi na tatu, saa kumi na mbili na nusu, Baba Nani alikuwa wa tatu katika foleni. Mtunza stoo akampimia kikombe kimoja. Tone likamdondokea kwenye kifundo cha mkono, akaambiwa pole. Kabla ya wiki kuisha barakoa ilimkaa sawasawa tena, na tuta la kumi na saba mpaka la ishirini na tatu yakawa na ndevu nzuri kuliko za mwanzo, kwa sababu mtu alikuwa amepumzika.

Kampuni nayo haikukosa shukrani. Katika korido ya ofisi kilitundikwa cheti cha pili, cha ubunifu. Bwana Vipimo alipandishwa cheo. Fomu ya afya ilipokuja mwaka ule ilikuwa na swali jipya mwishoni, *Je, umeridhika na dawa unayopata?* Wapiga dawa wote waliombwa wajibu ndiyo, ili ulinganifu usiharibike.

Katika banda la kufungashia kila mfungashaji wa waridi lenye ndevu alipewa kitana. Mama Nani alirudisha kile cha kampuni, akaja na chake chekundu. Mawaridi ishirini kwa sanduku. Analichana kila moja kutoka juu kwenda chini, anagawa kushoto pale penye upenyo, na kwa kuwa utaratibu unataka ua liwe kavu kabla ya kufungwa, na shavu huhisi unyevu kuliko kidole, analiweka shavuni kidogo.

"Kavu," anamwambia mwandishi wa hesabu mezani.

Halafu anaweka kadi. Wateja wakubwa wa waridi la Baba Nani, kama ofisi ya mauzo ilivyogundua, ni watu wanaopeleka maua kwenye wodi za wazazi, kwa wanaume waliopata mtoto wa kwanza. Kadi ni ndogo, ya rangi ya maziwa, ina maneno mawili: *Hongera, Baba.* Mama Nani huichomeka katikati ya ndevu ili isidondoke njiani, anafunika sanduku, anavuta lingine.

Ijumaa moja hesabu ya kadi ilizidi ya masanduku. Ilibaki kadi moja mezani, na mwandishi akasema itupwe. Mama Nani akaiweka mfukoni mwa aproni.

Jioni ile Baba Nani alivua ovaroli nje ya mlango kama nesi alivyoagiza, akanawa mikono mara tatu, akaingia. Mkewe alikuwa anasafisha kitana mezani. Kwenye rafu, kati ya kopo la nyuzi na ukuta, kadi ilikuwa imesimama wima, imeegemezwa vizuri isianguke. Baba Nani aliisogelea, akaisoma, akasogeza kidole bila kuigusa.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya Nani," mkewe akasema.

Baba Nani akaitikia kwa kichwa. Akachukua funguo zake zilizokuwa karibu sana na kadi, akazisogeza upande wa redio, akakaa kula.